Maporomoko ya Kaimosi na mikaratusi ya kanisa



Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko wa kila siku. Wewe uliye kwenye matatu soma nusu, nusu nyingine utamalizia nyumbani ukishakunywa chai.

Tangu vijana wetu waweke zile picha za maporomoko ya maji ya Kaimosi kwenye grupu ya kanisa, simu yangu haijatulia. Walikuwa wanatoka mkutano wa vijana Kapsabet, wakarudi na ile barabara ya kushukia Chavakali. Walipofika Kaimosi dereva akasimamisha gari, wakateremka mpaka kwenye maji, wakaimba, wakapiga picha, wakakaa kama saa moja, wakarudi garini. Basi, hiyo ndiyo habari yote. Lakini mzee mmoja ninayemheshimu sana akanipigia usiku huo huo: "Pasta, hawa watoto tuliwachangia nauli ya mkutano ama ya utalii?" Kesho yake mama mmoja wa kanisa akanitumia ujumbe wa sauti. Yeye hakukasirika. Alitaka kujua tu kwa nini hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumletea chupa moja ya yale maji, maana Kaimosi ni mahali Roho alishuka.

Nitawajibu wote wawili hapa hapa, kwa heshima, kwa sababu najua mko wengi wenye maswali hayo ambao hamkupiga simu. Halafu na mimi nina swali langu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Naanza na mzee. Mzee wangu, saa moja kando ya maji si hasara. Soma Marko sura ya 6, uone Bwana mwenyewe akiwachukua wanafunzi kando wapumzike, kwa sababu watu walikuwa wengi mpaka hawakupata nafasi ya kula. Tena mambo mengi aliyofundisha aliyatoa kwa ndege, maua, mbegu na mitini. Utamfundishaje mtu kwa ua la shambani ikiwa humruhusu kusimama aliangalie? Sisi Wapentekoste tunajua kukesha, tunajua kufunga, tunajua kupaza sauti mpaka jirani ajue tuko. Kunyamaza ndiko kunatushinda. Kijana akinyamaza dakika kumi tunadhani amerudi nyuma.

Wala hawakwenda mahali pa anasa. Haya si kama yale ya Nyahururu, Thomson's Falls, yenye urefu wa mita 74 ambayo watalii hutoka mbali kuyaona. Ni maji madogo tu, yanayoanguka juu ya mawe kwenye mabaki ya msitu, si mbali na barabara. Kuna watu wamepita barabara hiyo miaka ishirini wakienda Kapsabet kwa shughuli zao na hawajawahi kushuka kuyatazama. Unayasikia kabla ya kuyaona. Ukifika chini, hewa inakuwa baridi, na ule moshi wa maji unakulowesha uso hata kama jua ni kali kule barabarani.

Zaburi ya 42 ina maporomoko ya maji ndani yake. Wengi tunaikumbuka kwa sababu ya ayala mwenye kiu. Endelea mbele kidogo utaona mwandishi akitaja nchi ya Yordani na mlima Hermoni, na sauti ya maji yanayoanguka. Lakini mtu huyo hakuwa matembezini. Alikuwa na huzuni, yuko mbali na nyumba ya Mungu, na watu wanamcheka. Sauti ya yale maji ilifanana na kilichokuwa moyoni mwake. Kijana wetu mmoja, sitamtaja, alimzika babake mwaka huu. Katika picha zote sikumwona hata moja, nikamwuliza alikuwa wapi. Akaniambia, "Pasta, mimi nilikaa tu kwa jiwe." Kwa huyo mmoja, nauli yetu ilifanya kazi.

Ila vijana, na nyinyi nisikilizeni. Yale mawe yanateleza. Acheni kurudi nyuma nyuma mkitafuta picha nzuri. Na mkumbuke kwamba mvua inaweza kunyesha kule juu Nandi, ninyi mko kwenye jua, na maji yakawafikia yakiwa yamepanda. Kiongozi wa vijana ahesabu watu kabla ya kushuka na baada ya kupanda. Sitaki kusoma ibada ya mazishi kwa sababu ya selfi.

Sasa nije kwa mama yangu wa chupa.

Mama, historia umeijua vizuri. Mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walikuja wakaanzisha misheni Kaimosi. Ni kutoka hapo kanisa la Marafiki lilienea kwa Waluhya, pamoja na shule na hospitali. Mwaka 1927, Chilson akiwa bado Kaimosi, kukawa na uamsho. Watu walitubu dhambi zao hadharani, wengine wakanena kwa lugha. Si viongozi wote wa misheni waliofurahia. Wale walioshikilia jambo lile walisukumwa nje, na kutoka kwao yakazaliwa makanisa ya Roho tunayoyaona mpaka leo, watu wa kanzu nyeupe na msalaba. Kwa hivyo mtu wa Kipentekoste akisema Kaimosi ni mahali petu pia, simpingi.

Lakini Roho hakushuka kwa maji ya mto, mama. Alishuka kwa watu waliokuwa wakitubu.

Mfikirie Naamani, 2 Wafalme sura ya 5. Aliudharau Yordani kwanza, akasema mito ya kwao Dameski ni bora. Alipokubali kujichovya mara saba akapona ukoma. Sasa angalia alichoomba kubeba kwenda nacho nyumbani. Hakuomba maji! Aliomba udongo, mzigo wa nyumbu wawili, ili amwabudu Mungu wa Israeli akiwa kwao. Mto uliomponya aliuacha pale pale ukitiririka. Na Elisha hakumtoza hata shilingi. Aliyekimbia nyuma ya gari kutafuta malipo ni Gehazi, na unajua alirudi na nini mwilini.

Nasema hivi kwa sababu biashara ya maji ya upako imeingia kila mahali, na bei inapanda kulingana na umbali wa mto. Mimi naamini Mungu anaponya. Wagonjwa wetu nawawekea mikono na kuwapaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza. Lakini mto unaopita kwenye mashamba, mahali ng'ombe wanakunywa na watu wanafua, unabeba vitu vya mashambani na vya ng'ombe. Ukiyanywa bila kuchemsha unaweza kupata kuhara ama homa ya matumbo, na kijidudu cha homa ya matumbo hakiulizi kama chupa iliombewa. Mtoto mdogo na mtu aliye kwenye dawa ndio wanaoumia kwanza. Kama ungenipa chupa hiyo, mama, ningekurudishia na kukuambia uiweke kwenye sufuria.

Jambo lingine kuhusu chupa. Vijana waliniambia walikuta nyingine nyingi pale zilizoachwa na waliotangulia, za soda na za maji. Baadhi ya hao waliotangulia bila shaka walikuwa watu wa maombi, maana watu wa maombi hupenda mahali pa maji na miti. Mtu anafunga siku tatu, anamlilia Mungu msituni, halafu anaondoka na kuacha plastiki ambayo itamfikia mwenye kuteka maji kule chini. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Chupa bado ziko nasi, na hakuna polisi atakayesimama kwenye kila mto kukuchungulia.

Haya. Sasa swali langu.

Wale wamisionari wa 1902 hawakuchagua Kaimosi kwa upofu. Misheni yao iliitwa ya viwanda. Walitaka kufundisha watu Injili na kazi za mikono pamoja, kwa hivyo walitafuta mahali penye miti ya mbao na maji yanayoanguka, yapate kuzungusha mashine ya kupasua hizo mbao. Kaimosi palikuwa na vyote viwili. Mbao zile zilijenga nyumba, shule na makanisa, na vijana wengi wa wakati huo walijifunza useremala hapo. Sina neno baya kwa hilo. Babu zetu wengi walisoma kwenye madawati ya mbao hizo.

Lakini fikiria jambo hili polepole. Maji yaliyozungusha ile mashine yalitunzwa na miti ile ile ambayo mashine ilikuwa ikipasua.

Msitu wa Kaimosi wa leo ni vipande. Misheni peke yake haikuumaliza, na ni uongo kuwabebesha wazungu wa zamani kila kitu. Baada yao kulikuja mashamba, makaa, kuni, majani chai, na sisi wenyewe kuongezeka. Kaunti ya Vihiga katika sensa ya 2019 ilikuwa na watu 590,013 kwenye kilomita za mraba zisizofika 600, yaani zaidi ya watu elfu moja kwa kila kilomita. Mahali pa kuweka mti na mahali pa kuweka sukuma wiki panagombaniwa. Kaimosi, Kakamega na Nandi ni masalio ya msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo, na Kenya hatuna mwingine kama huo. Mbega anayeruka pale juu ya maji hana pengine pa kuhamia.

Mtu akitazama maporomoko anatazama yale maji meupe yanayoanguka, na huko ndiko kamera inaelekea. Kazi yenyewe inafanyika mahali pengine, huko juu, ambako hakuna anayepiga picha. Mvua ikinyesha msituni haipigi udongo moja kwa moja. Inapokelewa na majani, inadondoka taratibu, inaingia kwenye ule mbolea mweusi wa majani yaliyooza, inafuata mizizi kwenda chini, inakaa huko. Halafu mwezi wa Januari, wakati hakuna mvua na nyasi zimekauka, maji yale yanatoka kidogo kidogo kwenye chemchemi. Ndiyo maana mto wa msitu hauna haraka. Ukiondoa miti, mvua ile ile inashuka kwa fujo siku moja, inabeba udongo wa shamba lako kwenda Yala na kutoka Yala kwenda ziwani, na wiki mbili baadaye kijito kimekuwa mchanga.

Eliya alikuwa nabii aliyezuia mvua kwa maombi, na bado kijito cha Kerithi alichokuwa akinywa kilikauka. Iko 1 Wafalme 17. Mungu hakukifanyia kijito kile muujiza. Alimhamisha nabii. Mimi nasoma mstari ule na naogopa, kwa sababu sisi hatuna Sarepta ya kuhamia. Tuko zaidi ya elfu moja kwa kilomita.

Mnajua ninakoelekea. Chini ya kiwanja chetu cha kanisa kuna chemchemi, na kuizunguka kuna mikaratusi, ama bluugamu kama tunavyoiita. Wazee waliotutangulia waliipanda kwa nia njema kabisa. Tulivuna mara moja tukapata mbao na mabati ya jengo tunalosalia leo, ikachipuka tena yenyewe kutoka kwa visiki, sasa imerefuka. Kamati ya ujenzi inasema tuingoje kidogo iwe nguzo, bei ni nzuri, tutamaliza ukuta na choo. Wakati huo huo mwanamke anayefika chemchemini saa kumi na mbili jioni mwezi wa Januari anakuta mitungi imepangwa mstari, na maji yanatoka unene wa kidole.

Mkaratusi si mti wa shetani. Umejenga nyumba nyingi za wajane kijijini, unakua haraka, na kama una kilima kikavu mbali na maji, upande. Shida ni mahali. Mti huo unakunywa sana, na ukiupanda mdomoni mwa chemchemi utakunywa wa kwanza. Hili si jambo jipya. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye kingo za mito na maeneo ya chemchemi. Tembea leo kando ya mito yetu uone ni wangapi walisikia.

Kwa hivyo swali langu kwa kanisa ni hili: tutang'oa ama tutangoja nguzo?

Mimi nimeshaamua upande wangu. Tung'oe, visiki vikiwemo, na tukubali kwamba ukuta utachelewa. Najua maana yake. Nimekaa na mweka hazina, nimeona daftari. Najua pia kuna ndugu atakayesema, Pasta, dunia hii itapita, mbona tunahangaika na miti badala ya roho za watu? Ndugu yangu, hata nyumba ya kupanga itarudi kwa mwenyewe siku moja, lakini hung'oi milango yake kwa sababu mkataba unaisha Desemba. Tena Torati, Kumbukumbu 20, inakataza jeshi kukata miti ya matunda hata wakiwa wamezingira mji wa adui. Hiyo ilikuwa vita. Sisi tunajenga choo.

Na huwezi kumhubiria mwanamke habari ya maji ya uzima ilhali miti ya kanisa lako inamnyima maji ya ugali. Anaweza kukusikiliza kwa adabu, lakini mtungi wake uko nje na bado haujajaa.

Mwingine atasema tulishapanda miti. Ni kweli. Siku ile ya mapumziko ya kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023, tulitoka wengi, tukavaa fulana, picha zikapendeza. Serikali ina lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na mimi naiombea lengo hilo. Lakini mti hauhesabiwi siku ya kupandwa. Mbuzi wa jirani anajua mingapi ilibaki.

Mahali pa mikaratusi nataka tuweke miti ya kwetu. Wazee wanaijua kuliko mimi: lusiola, mikuyu, na mianzi pale kwenye ukingo. Lusiola unatoa nguzo nzuri za nyumba, kwa hivyo kamati ya ujenzi msidhani nimewasahau. Itachukua muda mrefu zaidi. Huenda wengine wetu hatutakuwepo siku ya kuvuna.

Basi mambo ni haya. Jumamosi hii saa tatu asubuhi, wazee, kamati ya ujenzi na viongozi wa idara zote tunakutana chemchemini kwenyewe, si ofisini. Kila mmoja ashuke na mtungi wake ajionee unachukua dakika ngapi kujaa, halafu tuongee. Anayepinga aje apinge hapo hapo mbele ya maji, nitamsikiliza. Vijana mliokwenda Kaimosi, njooni na majembe na panga, na miche ya lusiola ichukuliwe Ijumaa jioni kwa kikundi cha akina mama. Mzee wangu uliyenipigia simu, nakuomba utufungulie kwa maombi. Na mama yangu wa chupa, wewe leta sufuria kubwa na majani chai. Maji tutateka pale, tutachemsha, tutakunywa wote.

Anayehitaji kubebwa kwa boda boda kutoka soko la juu amwambie shemasi mapema.